Mzee wa baiskeli wa Kemondo, asante sana

Jamani kama kuna anayemfahamu yule mzee wa baiskeli aliyepita kwetu Kemondo tukiwa tunahangaika na mtumbwi wa kukanyagia ndizi za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, naomba amfikishie salamu, shikamoo mzee. Ule mtumbwi ni wa marehemu babu, gogo zima limechongwa kwa tezo, umekaa bandani miaka bila kazi ukapasuka upande mmoja, ufa unapitisha ukucha, braza alishasema tupasue kuni. Mzee akakataa katakata! Akasema tuutoe juani tuuweke kivulini, tuufunike magunia mabichi, tuujaze maji na yakivuja tuongeze tu mpaka mbao ivimbe yenyewe. Kweli bwana, ufa umebana, palipobaki tukapaacha pakauke tukaziba na nta ya nyuki. Na sabuni marufuku, mbao inainyonya halafu pombe inanukia sabuni (nani anywe hiyo), ni maji ya moto na kusugua kwa nyasi, kisha unaulaza kifudifudi upepo upite chini. Hata soda ya kumshukuru alikataa. Jumamosi tunakanyaga ndizi, mtama umeshakaangwa, mzee ukisikia hii pita, kibuyu chako kipo.