Kombe la ujirani la kikapu, tuanze na Msumbiji

Mhariri,

Naandika kuhusu kufifia kwa mashindano ya ujirani. Kombe la soka la Gossage, lililoitwa jina la mtengeneza sabuni (ndiyo, sabuni!), lilianza 1926 kwa Kenya na Uganda pekee. Tanganyika na Zanzibar zilijiunga baadaye, na 1967 likageuka Kombe la Chalenji. Mataifa mawili tu yalitosha kuanza.

Sisi wa Mtwara tunapakana na Msumbiji, ambayo timu yake ya wanawake ya kikapu ilicheza fainali ya Afrika 2013. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma lipo tangu 2010. Naomba maofisa michezo wa Mtwara na Lindi waunde timu moja ya wasichana, kisha hali ya usalama ikiruhusu, waialike timu ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto.

Mpenda kikapu,
Mtwara