Asante, dada wa steshenari ya Mwenge

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Nilikuja kutoa kopi tu, nimemshika mkono mdogo wangu asiyeona. Ukauliza notsi zake anazisomaje. Nikasema namsomea mimi nikitoka kazini. Ukafungua mipangilio ya simu yake, ukawasha TalkBack, ile inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, ukachagua sauti ya Kiswahili. Ukamshika kidole: gusa mara moja usikie, mara mbili ufungue, vidole viwili kupandisha ukurasa. Kisha ukatuwekea NVDA kwenye flashi, programu ya bure kabisa inayosoma skrini kwa sauti, aitumie kwenye kompyuta za Windows chuoni. Hukupokea hata mia. Jana usiku nilimkuta anasoma historia peke yake, gizani, simu sikioni. Nilisimama mlangoni nikalia. Mungu akuzidishie, dada.