Gari la dola 1,700 linafikaje kuwa la 8,000

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa barua za wasomaji tumelaumiwa kwamba sisi wauza magari ya okazyo, yaani yaliyokwisha kutumika, wa hapa Lubumbashi ni wanyonyaji: gari linaonekana kwenye intaneti, bado liko Japani, kwa dola 1,700, na likifika hapa linaitishwa 8,000. Lawama tumeisoma. Tarakimu zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa gari lilelile. Kosa ni kudhani kwamba tofauti yake yote imeingia mfukoni mwa mtu mmoja.

Muuzaji anayeijua kazi hii haanzii Japani, anaanzia hapa. Anauliza kwanza gari la aina ile, la mwaka ule, linatoka kwa bei gani leo mjini. Hiyo maana yake ni bei iliyolipwa, kwa sababu anayeitisha anaweza kuitisha chochote. Kutoka bei hiyo anarudi nyuma akitoa gharama moja baada ya nyingine mpaka afike kwenye mnada wa Japani, ambako gari linanunuliwa. Tuchukue mfano, na kila mtu aweke tarakimu zake. Gari litauzwa dola 8,000. Toa 700 za faida na 200 za komisionere aliyemleta mteja. Toa 400 za fundi, betri na tairi mbili, na 250 za plake (namba za gari) na karti rozi, yaani kadi ya usajili. Forodha pamoja na ofisi nyingine za mpakani, weka 2,000. Safari ya barabara kutoka Dar es Salaam, 900. Bandari na wakala wa Dar, 450. Nauli ya meli na bima, 1,400. Inabaki 1,700, nayo ni bei ya gari likiwa limefikishwa bandarini Japani. Ndani yake mna ada ya mnada, usafiri wa kutoka mnadani hadi bandarini na malipo ya wakala wa kule. Zikiwa 500, ukomo wako wa kupandisha bei mnadani ni dola 1,200. Anayepanda mpaka 1,500 kwa sababu gari limempendeza machoni amekwisha kula karibu nusu ya faida yake kabla gari halijaguswa na mtu.

Ukomo huo uandikwe kwa yen siku ileile ya mnada, maana kule unanunua kwa yen na huku unauza kwa dola. Na ushuru hauhesabiwi juu ya bei ya gari peke yake. Thamani ya forodha inabeba bei, nauli na bima, halafu TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inakuja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Kwa hiyo nauli ikipanda dola 100, wewe utalipa zaidi ya 100. Fakturi nayo si neno la mwisho: DGDA, ofisi ya forodha ya Kongo, ikiona bei iliyoandikwa haiaminiki, inatumia thamani yake ya rejea. Wanaotengenezewa fakturi ya dola 600 kwa gari la 1,700 wanadhani wameokoa hela, halafu gari linalala Kasumbalesa, mpakani na Zambia, likihesabiwa siku za maegesho.

Upande wa mnada, karatasi ya mkaguzi ndiyo macho yako. Gredi 4.5 na 4 ni gari safi, 3.5 limechakaa kiasi, R au RA limewahi kugongwa likatengenezwa. Wengi wanaishia kwenye gredi hiyo. Sisi tunaangalia zaidi ule mchoro mdogo wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu, C ni chuma kilichokwisha kuliwa. Tarakimu inayofuata herufi inaonyesha ukubwa. Gari lenye A2 na U2 nyingi tunalinunua bila wasiwasi, kwa kuwa mafundi wa kunyoosha na kupaka rangi hapa ni hodari na bei yao inavumilika. S na C tunaziacha, hata kama gredi ni 4. Magari ya mikoa ya kaskazini ya Japani, Hokkaido hasa, hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu inaanzia chini, kwenye bomba za breki na mikono ya suspensheni, na barabara zetu humalizia kazi iliyobaki. Dai picha ya karatasi yenyewe, iliyoandikwa kwa mkono kwa Kijapani. Karatasi iliyochapwa upya na muuzaji ni tangazo la biashara.

Karatasi hiyo ina mipaka. Mkaguzi hulitazama gari kwa muda mfupi na haendi nalo safari. Bwati (giaboksi) ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na hatua za gia, inayotetemeka ikipata moto hataiona. Toyota za moteri ya D-4, ambazo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hutoka mnadani zikinguruma vizuri, kisha masizi na petroli chafu vinazisumbua hapa. Anayetafuta amani achukue moteri ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Fielder, IST na Vitz kadhaa: ina cheni badala ya mkanda, na kila garaji inaifahamu. Prado ya moteri ya dizeli ya 1KZ-TE ni gari la nguvu, lakini likishachemka mara moja kichwa cha silinda hupata ufa. Ukiona maji ya rejeta yanatoa mapovu moteri ikiwaka, ondoka.

Kuhusu kontere, ile mita ya kilometa, wateja wa hapa wana imani nayo kupita kiasi. Gari la Japani hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na kilometa huandikwa. Likifutiwa usajili ili liuzwe nje, linapewa hati ya kusafirishwa yenye namba ya chasi, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na kwa kawaida kilometa za ukaguzi wa mwisho. Ikiwa hati inasema 112,000 na kontere inasema 68,000, hakuna la kujadili. Basi mteja aiombe hati hiyo na aache kupiga picha dashibodi. Tuongeze jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: gari la miaka 15 lenye kilometa 40,000 za kweli si lazima liwe bora kuliko la 110,000. Mpira wa gari lililokaa hukauka, sili zinavuja, na tairi huzeeka bila kuisha. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016.

Gari likishanunuliwa, makosa yanahamia kwenye makaratasi. Hati ya shehena ya meli ionyeshe wazi kwamba gari linapita Tanzania kwenda Kongo. Ikiandikwa kama mzigo wa Dar, kuirekebisha kunakula siku na kila siku ya bandarini ina bei yake. FERI, fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia nchini, inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya mizigo, ishughulikiwe mapema, gari likiwa bado halijafika mpakani. Umri wa gari unaoruhusiwa uthibitishwe na deklaran wako, yaani wakala wa forodha, kabla hujatuma hela, kwa gari lile lile, kwa mwezi ule ule. Namba ya chasi isomwe kwa sauti, watu wawili, herufi kwa herufi, kutoka kwenye chuma hadi kwenye kila karatasi. Gari la soko la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17 kama la Ulaya au Marekani. Lina msimbo wa muundo, kistari, kisha tarakimu, mfano NZE141 na zinazofuata. B iliyogeuka 8 kwenye karatasi moja inatosha kulisimamisha gari.

Na hela: ukipata ujumbe kwamba akaunti ya muuzaji wa Japani imebadilika, usilipe mpaka umempigia kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wezi huingia kwenye barua pepe na kungoja siku ya fakturi.

Baharini ni wiki 4 hadi 6. Kisha barabara, karibu kilometa 2,000: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu Zambia nzima kupitia Kapiri Mposhi na Chingola mpaka Kasumbalesa. Hapo ndipo gari zuri linapoharibiwa. Limekaa miezi bila kuwashwa, maji ya rejeta yamepungua, hozi ni za miaka mingi, na dereva wa transiti analipwa kwa safari, kwa hiyo anakimbia. Mlima wa Kitonga kabla ya Iringa umeua bwati za otomatiki nyingi. Kabla ya kuondoka Dar, badilisha oili ya moteri, jaza maji ya rejeta ya rangi badala ya maji ya bomba, pima oili ya bwati, kagua mkanda wa nje. Piga picha tairi ya akiba, jeki, redio, vioo, betri, na chini ya gari pale kwenye egzosi: ile sehemu ya kusafisha moshi, yenye masega ya madini ya thamani, hukatwa njiani na kuwekwa bomba tupu, na mwenye gari hugundua kwa mlio. Dereva apewe nusu Dar na nusu Lubumbashi baada ya orodha kukaguliwa. Kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvuka mipaka, isisahauliwe, wala bondi ya transiti, dhamana kwamba gari litatoka nchini linakopita. Gari likipitisha siku zake ndani ya nchi ya watu, wakala aliyelidhamini ndiye anayetafutwa, na yeye atakutafuta wewe.

Sasa jambo ambalo sisi wauzaji tunalinyamazia, na hapa lawama za wasomaji ni za haki. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Japani, Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto. Gari la volani (usukani) ya kulia linauzwa hapa kwa bei nafuu na kila mtu anaona volani tu. Taa hazionwi. Taa za gari la Japani zikipunguzwa mwanga huelekea kushoto, na kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Usiku, barabara ya Kasumbalesa imejaa malori, na unampiga mwanga machoni huku ukiamini umepunguza. Kuziinamisha kwa skrubu kunasaidia kidogo, lakini dawa ni taa za toleo la volani ya kushoto, na muuzaji aziweke kwenye hesabu yake. Hiace za abiria ni mbaya zaidi: mlango wa kusukuma wa Japani uko kushoto, kwa hiyo hapa abiria anashukia katikati ya barabara. Zipo zenye milango pande zote mbili. Zinagharimu zaidi mnadani, na kwa taksi-basi hatuoni sababu ya kununua nyingine.

Kuhamisha volani kunafanywa mjini na kuna mafundi wanaoweza. Uliza vitu vitatu. Kisanduku cha usukani ni cha toleo la kushoto, au kile cha zamani kimeungwa kwa cheni na vipande vya chuma? Silinda ya breki imehamishwa, au pedali inavuta chuma kirefu kinachopita nyuma ya dashibodi? Chuma hicho hupinda, na breki inakuwa laini siku unayoihitaji. Na begi la hewa la dereva lipo, au kuna kifuniko tu? Wipa nazo mara nyingi huachwa zikifagia upande wa zamani, na kona ya kioo mbele ya dereva inabaki na maji mvua yote ya Desemba. Redio ni jambo dogo: ya Japani inaanzia 76 na kuishia karibu na 90, ndiyo maana hupati stesheni nyingi za mjini. Kifaa cha kugeuza mawimbi ni cha bei rahisi.

Anayekwenda kutazama gari aende asubuhi, moteri ikiwa baridi. Likiwa limewashwa kabla hajafika, arudi kesho. Avute mkanda wa kiti mpaka mwisho: tope au mstari wa maji uliofichwa ndani unaonyesha gari lililozama, na haya huja zaidi kutoka Marekani kupitia Sharjah, yakiwa na kontere ya maili. Kisha aombe deklarasyo ya DGDA, risiti ya benki ya malipo hayo, na hati ya Japani, alinganishe chasi. Akiambiwa "karatasi zinakuja", na hela yake ije siku karatasi zitakapokuja. Muuzaji akishapewa yote kichwa chake kinahamia kwenye gari lingine, na karti rozi inabaki mradi wa mteja peke yake, huku vinyeti, ile kodi ya gari ya DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa wa Haut-Katanga, na polisi wa barabarani havimngoji.

Wenu,

Wauza magari wa okazyo, Kampemba, Lubumbashi