Krismasi Njema kwa Wana Ngoma wa Mlimani

Ndugu zangu mliopitia idara yetu ya sanaa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzetu wa Bagamoyo, walimu wetu, na wote mnaoipenda ngoma popote mlipo: Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Wenzetu Waislamu, nanyi mumo katika salamu hizi. Tulikesha mazoezini pamoja, na heri tuitakiane pamoja.

Desemba ni mwezi wetu kuliko wengi wanavyojua. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais, na ndani ya hotuba ile akaizungumzia ngoma. Alieleza jinsi wasomi wa wakati ule walivyojua rumba na chachacha, ilhali wengi wao hata hawakuwa wamesikia habari za Gombe Sugu, Mangala, Konge, Nyang'umumi, Kiduo wala Lele Mama. Siku hiyohiyo akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nchi ilikuwa na uhaba wa shule, madaktari na barabara, na bado Rais aliona ngoma zinastahili kutajwa moja moja kwa majina yake mbele ya Bunge. Mimi naihesabu siku ile kuwa ndiyo mimba ya idara yetu.

Kuzaliwa kulikuja mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, chuo kikianzisha Idara ya Sanaa za Maonyesho. Jina limebadilika zaidi ya mara moja tangu hapo, na leo tunaitwa Idara ya Sanaa Bunifu. Kwingineko ngoma ilikuwa imeshaingia chuo kikuu: huko Wisconsin, Marekani, Margaret H'Doubler alipata idhini ya shahada ya kwanza ya fani hiyo mwaka 1926, na kule Legon, Ghana, Kwabena Nketia na Mawere Opoku waliunda kundi la ngoma la taifa ndani ya chuo mwaka 1962. Makerere walifuata mwaka 1971.

Huku kwetu masomo ya mwanzo yalielemea mno tamthilia za Ulaya. Ni kizazi cha walimu kama Penina Muhando na Amandina Lihamba kilichoigeuza idara, ngoma na utambaji wa hadithi vikapata heshima ileile ya mchezo wa jukwaani. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote waliyoyafanya, kwa sababu lilibadilisha nani anaitwa mwalimu. Mpiga ngoma ambaye hakumaliza darasa la saba alisimama mbele ya wanachuo, nao wakamsikiliza.

Mliojifunza sindimba, ngoma ya Wamakonde wa Mtwara, mnakumbuka. Kwanza moto wa makuti makavu, ngoma zinazungushwa karibu yake mpaka ngozi ikaze na sauti ipande. Kisha kanga au kitambaa kinafungwa kiunoni, njuga miguuni. Magoti yakunjwe, kiuno kifanye kazi, mabega yatulie, na hapo ndipo wengi tulipokwama, maana mabega yalitaka kufuata kiuno. Mpigaji haelezi kwa maneno. Anarudia pigo lilelile hadi mwili uelewe, na ukishaelewa anabadilisha. Mtoto wa Bukoba akitoka pale ameibeba Mtwara mwilini mwake, na hakuna kitabu ambacho kingempa hivyo.

Lakini idara haikutaka kutoa wachezaji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wetu walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakauliza linalowaumiza, kisha likachezwa kwa ngoma na maigizo ya hukohuko, na baada ya onyesho watu wakajadiliana la kufanya. Kutoka katika mwelekeo huo ndipo ulipochipuka mradi wa Tuseme mwaka 1996, ambamo wasichana wa sekondari walitumia sanaa kusema yale ambayo hakuna aliyekuwa akiwauliza. Baadaye ulivuka mipaka ukaingia nchi nyingine za Afrika. Chuo cha Sanaa Bagamoyo nacho, kilichoanza 1981 baada ya kuvunjwa kwa kundi la ngoma la taifa, kimefundisha wachezaji na wapigaji kwa namna yake, akiwamo miongoni mwa walimu wake marehemu Hukwe Zawose.

Sasa ni msimu wa kurudi nyumbani. Stendi ya Magufuli imefurika mizigo, wa Moshi na wa Songea wanagombea tiketi, mvua za vuli zimeshanyesha. Nina ombi, na naliomba kwa dhati. Ngoma zetu nyingi siku hizi zinachezwa dakika tano mbele ya mgeni rasmi, bugobogobo imeunganishwa na lizombe ya Wangoni bila kupumua, majembe yanarushwa juu na hakuna aliyewahi kuelezwa kwamba bugobogobo inatoka kwenye kazi ya shamba ya Wasukuma. Inaniuma.

Kwa hiyo, mkishakula pilau na kupumzika, kaeni na bibi na babu. Waulizeni ngoma ya kwao ilichezwa lini, nani aliruhusiwa kuingia uwanjani na nani alizuiwa, wimbo ulimsema nani. Rekodini kwa simu wakikubali, mwandike jina la mzee na la kijiji, maana rekodi nyingi za zamani zimebaki na jina la kabila peke yake, mchezaji mwenyewe kafutika. Ngoma za jando na unyago zina miiko yake. Mkiambiwa hapa simu inafungwa, fungeni, mkae kwa adabu.

Mkirejea Januari tukutane tusikilizane. Wenye watoto, wachezeni nao nyumbani, hata kwenye zulia la sebuleni. Walimu wetu wastaafu tunawaombea afya njema, na wapiga ngoma wetu waliotangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu.

Safarini mwende salama, na wazee huko nyumbani muwape shikamoo yangu.