Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama Chetu cha Watazama Nyota, Malindi

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana,

Shughuli za kawaida mnazijua: usiku nne za darubini ufukweni, shule tatu tulizozitembelea, na mafunzo ya ramani ya nyota. Sitawachosha nazo.

Niingie katika lililotugawa. Nilipopendekeza hafla yetu ya Desemba 12, siku ya uhuru wa Kenya na ya setilaiti ya Uhuru, imkumbuke mwanafizikia Mmarekani Herbert Friedman, baadhi yenu mlisema nimeleta mtu wa jeshi katika siku ya Uhuru. Wengine hamkuja kabisa. Maneno ya barazani yamenifikia, na leo nayajibu.

Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa petu, kwenye San Marco, jukwaa la baharini la kurushia roketi, Ngomeni, Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Ndiyo asili ya jina. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani, mionzi ya aina ile ya picha za hospitali. Hilo kila mtoto wa chama hiki analijua. Lakini njia ilifunguliwa na nani?

Eksirei za angani hazifiki ardhini. Hewa huzimeza, na lazima chombo kipande juu. Friedman hakuwa askari. Alikuwa mwanafizikia raia katika maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani. Mwaka 1949 alipakia vihesabio vya Geiger, yaani vifaa vya kupima mionzi, kwenye roketi ya V-2, silaha iliyotekwa kwa Wajerumani, akathibitisha kwamba jua hutoa eksirei. Wanamaji walilihitaji jambo hilo kwa kuwa mionzi ya jua ndiyo inayoathiri tabaka la anga linalorudisha mawimbi ya redio za meli. Kisha Julai 7, 1964, mwezi ukiwa unaifunika Nebula ya Kaa, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka, timu yake ilirusha roketi yenye dakika chache tu za kupima. Eksirei zilififia polepole badala ya kukatika ghafla, wakajua chanzo ni wingu pana, si nyota moja. Ile nafasi ingewapita, wangesubiri karibu miaka 9 mwezi uifunike tena.

Mwaka 1987 Tuzo ya Wolf ya fizikia, tuzo ya kimataifa itolewayo Israeli, walipewa watatu: Friedman, Bruno Rossi na Riccardo Giacconi; huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa kiongozi wa utafiti wa Uhuru yenyewe. Ikiwa watoa tuzo waliwaketisha pamoja, sioni nilipokosea. Mhadhara niliuandaa majuma sita, na bango nililipia mfukoni mwangu.

Hafla ile ilihudhuriwa na watu 17 kati ya wanachama 58. Viti tulikuwa tumekodi 60. Inaniuma.

Upande wa fedha: waliolipa ada ni 21, sawa na shilingi 21,000, michango 12,500, matumizi 29,800, baki 3,700. Ada ambazo hazijalipwa ni shilingi 37,000, na wakati huohuo lenzi ya darubini yetu kubwa imeota ukungu kwa unyevu wa bahari. Wanaouliza mbona haijasafishwa, wengi wao wamo katika wale 37 ambao hawajalipa.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuomba ruhusa ya kuzuru Ngomeni, na pengine kuanzisha kikundi cha vijana. Mweka hazina ameketi karibu na mlango, na kitabu cha stakabadhi anacho.