Mama Imu, ile pampu imerudi tena mezani

Mama Imu mpenzi, za Dodoma? Baridi mnaiweza kweli, maana mdogo wako alinambia mwezi huu mnalala na masweta. Sisi huku Upanga wazima, watoto wazima, Babu mlinzi goti linamsumbua ila getini yupo kama kawaida na kila nikipita ananiuliza wewe na kaimati zako mnarudi lini. Kimya changu ni ukatibu, tangu wanipe huu umoja wetu wa wenye nyumba wa jengo simu haipumziki, na haya ya leo nimeona nikuandikie kabisa coz voisi noti ndefu huwa huzimalizi nakujua.

Jambo lenyewe pampu. Wa chini wamegoma kuchangia umeme wake. Baba Nai ndo msemaji wao, anasema maji ya bomba kwake yanafika yenyewe kwa presha, sasa kwa nini atoe hela ya kumpandishia maji mtu wa ghorofa ya tatu? Wenzangu kwenye kamati wanamwita mkorofi, mi sikubali, ana hoja yake na mtu akiwa na hoja ajibiwe sio asemwe kwenye ngazi. Kinachoniuma ni kwamba mwaka 2022, Ruvu ilivyopungua maji tukawekwa kwenye mgao, tulichanga wote tanki la pili hakuna aliyeuliza nani anakaa juu nani chini, wote tulikuwa na ndoo mkononi.

Juzi nikapanda darini na fundi. Mama Imu, ungelia. Ile swichi ya floti imekufa, tanki likijaa pampu haina habari inaendelea tu kusukuma, maji yanatokea kwenye bomba la juu yanashuka ukutani, yaani ukuta wa nyuma wote una ukijani kuanzia juu mpaka dirisha la jikoni kwa Baba Nai, rangi imevimba ukiigusa inabaki mkononi. Na LUKU ya ngazi ndo inaliwa hivyo hivyo, tukiweka umeme wa mwezi hauvuki wiki mbili, taa zinazima, Bi Mkubwa na miaka yake ile anashuka ngazi anamulika na kisimu. Nikamwita Baba Nai aje aone mwenyewe. Hakusema kitu, akapitisha kidole ukutani, akakifuta kwenye suruali, akamuuliza fundi "shingapi?". Ndo nikapata moyo wa kuitisha mkutano.

Ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo nimeisoma tena, ile uliyotuprintia. Paa, ngazi, kuta za nje na mabomba ya wote ni mali yetu wote, kila mwenye nyumba na fungu lake, kwa hiyo wa chini hawezi kusema paa halimhusu na mi wa juu siwezi kusema chemba ikiziba huko chini ni shida yao. Ila sitaki kwenda nayo mkutanini kama fimbo, hawa watu tunazikana na kuozeshana, kesho nitagonga mlango wa nani? Ninachotaka kupendekeza ni hivi, fundi umeme atufungie mita ndogo ya pampu peke yake, umeme wa kupandisha maji tulipe sisi tunaopandishiwa, halafu floti, tanki, ukuta, taa na mlinzi tulipe wote sawa. Mi naona ni haki kabisa. Sasa wa juu ndo wamenuna, wanasema nimewauza. Mtu wa namba kumi hanisalimii, anapita kama hanioni, na mwanae kashinda kwangu na wanangu tangu wana miaka mitatu.

Kuna waliokuja na wazo la kuchimba kisima tuachane na mgao. Nimewaambia huku karibu na bahari mtachimba mpate maji ya chumvi, yale mabomba yenyewe ya zamani chumvi itayamaliza, na bado kuna kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Hela hiyo bora tufufue ule uwanja wa mwarobaini, lile gari bovu litolewe, watoto wapate bembea na wazee benchi mbili. Watoto wanacheza mpira katikati ya magari yanayorudi nyuma, kila jioni roho inanidunda.

Hela nazo tumehamishia M-Koba, ile akaunti ya vikundi ya Vodacom, haikai tena kwenye simu ya mtu. Ikiingia ikitoka wanakikundi wanaona. Watu walikuwa hawalipi sababu hawajui inakwenda wapi, sio kwamba hawana, tangu tuhame hata yule wa ghorofa ya pili aliyetusumbua enzi zako katuma ya miezi yote aliyokuwa anadaiwa. Waliobaki ni wapangaji. Ukimfuata anasema kamwambie mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema kamwambie mpangaji, na katikati hapo pampu inalia.

Na hapo ndo nakuja kwako shoga yangu, usichukie. Mpangaji wako ni mmojawapo. Kijana mstaarabu tu, salamu haimpiti, ila kwenye mchango anasema hukumwambia. Ni kweli hamkuandikiana, au anazuga? Utamkata kwenye kodi au utalipa wewe mwenyewe? Na ule mchoro wa mabomba aliotuchorea fundi siku tunaweka tanki la pili, bado unao kwenye lile faili la bluu au ulibaki kwa shemeji? Fundi wa sasa anabahatisha bahatisha tu nisije nikavunjiwa ukuta bure. Halafu Baba Nai anakuheshimu sana, unaweza kumpigia kabla ya mkutano, hata umsalimie tu umuulize ukuta wake? Na hilo la mita ndogo wewe unalionaje, wewe ni wa juu, uko na mimi au na namba kumi? Nikuandike umetuma mwakilishi au utakuja?

Mkutano Jumapili saa kumi jioni, pale pale chini ya mwarobaini. Nijibu kabla ya Ijumaa nijue nasimama na nani. Msalimie Baba Imu.

Wako,
Mama Jojo