Asante sana dada nesi wa kliniki ya sukari

Jamani naomba nimshukuru nesi mmoja ambaye hata jina lake sikuuliza, alikua zamu siku mama yangu alivyoanzishiwa insulini, ile dawa ya sindano ya kushusha sukari. Mama alikua analia anasema sindano ndo mwisho wake, huyu dada akavuta kiti akakaa nae akamuelewesha taratibu kwamba mwili umepungukiwa insulini sasa tunauongezea, basi. Akamshika mkono akamuonyesha kuchoma tumboni mbali kidogo na kitovu na kila siku abadilishe sehemu maana ukichoma palepale panafanya vinundu na dawa hainyonywi vizuri.

Nikamwambia nyumbani hatuna friji, akasema chukua vyungu viwili, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uwe unaumwagia maji, insulini iweke mule ndani kwenye mfuko mkavu, funika na kitambaa kibichi uweke kivulini penye upepo. Yaani mpaka leo tunatumia hivyo hivyo na dawa haijawahi kuharibika!!

Halafu kuna hili la sukari kushuka, alisisitiza sana, mama akitetemeka jasho likamtoka mpime, ikiwa chini ya 4 (mmol/L kwenye mashine) mpe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, baada ya dakika 15 mpime tena, ikipanda ale chakula. Juzi usiku imetokea kweli tukafanya hivyo, mama akakaa sawa.

Dada yangu popote ulipo Mungu akuzidishie, mama anakusalimia sana na kila siku anakuombea.